Uzi: Gemu ya kujenga reli, kwa wanaotoka zamu ya usiku na vichwa vinavuma

MakupaUsiku (mwanzisha uzi), Jumatatu saa 2:10 asubuhi

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi yadi ya makontena, zamu ya usiku. Natoka saa kumi na mbili asubuhi mwili hoi, lakini kichwa bado kiko kazini. Nikifumba macho naziona trela zikirudi nyuma, na ile piipu-piipu yao naisikia mpaka kitandani. Mke wangu aliniambia juzi: umelala, mkono wako unaita gari, njoo, njoo, simama. Nikadhani gemu ya mpira itanituliza. Wapi! Nafungwa dakika za mwisho na mtoto nisiyemjua, nalala na donge.

Wiki tatu zilizopita shemeji alikuja kutoka Malindi na kompyuta yake, akanionyesha gemu inaitwa Station to Station. Ilitoka 2023, walioitengeneza ni kikundi cha Uholanzi kiitwacho Galaxy Grove. Mkisikia gemu ya reli msidhani mtaendesha treni. Huendeshi kitu. Unaitazama nchi kutoka juu, kavu, imeundwa kwa vijisanduku vidogo vidogo kama vitofali vya kuchezea. Shamba liko huku, kiwanda kule, mji mbali. Unaweka stesheni hapa, unaweka pale, unavuta reli kati yao. Reli ikishaungana tu treni inatoka yenyewe, na ile nchi kavu inaanza kuota: nyasi, miti, wanyama. Unakaa unatazama kama mtu aliyemwagilia bustani jana akaja kuangalia leo.

Hakuna saa inayokufukuza. Hakuna adui. Kinachokubana ni pesa tu, maana ni za kuhesabu na daraja ni ghali. Siku ya kwanza nilikaa dakika ishirini naizungusha reli moja nyuma ya kilima ili nisilipie daraja. Dakika ishirini, kilima kimoja. Nilipoinua kichwa chai imepoa na trela zimenyamaza.

Shida ni kwamba shemeji ameondoka na kompyuta yake. Mimi nina laptopu ya zamani, ile ukiifungua inanguruma kama jenereta. Kuna gemu ya namna hii itakayokubali mashine yangu?

---

KongoweaBoy, saa 2:31 asubuhi

Kwa hivyo usiku kucha unapanga makontena, ukifika nyumbani unapanga mabehewa. Hiyo ni ovataimu bila malipo 😂

---

MakupaUsiku, saa 2:35 asubuhi

Huku hakuna supavaiza, kaka. Tofauti ni hiyo.

---

TangaRaha, saa 3:02 asubuhi

Wakuu wa Mombasa, poleni na zamu. Kuna Mini Metro na ndugu yake Mini Motorways, zote za Dinosaur Polo Club wa New Zealand. Ya kwanza ni njia za treni za mjini, unachora mistari ya rangi kati ya vituo. Ya pili ni barabara. Na niwakumbushe tu kwa heshima na taadhima: kwenye Mini Motorways Dar es Salaam ipo kama mji wa kuchezea. Mombasa haipo. Sisemi kitu.

Ila kwa utulivu unaoutafuta wewe, sizipendekezi. Zinaanza kama unachora picha, robo saa baadaye abiria wamejaa kituoni na kengele ya kukufukuza imeanza kuhesabu. Mimi zilinipandisha presha.

---

KongoweaBoy, saa 3:05 asubuhi

Dar wamewekewa barabara zenye foleni. Hongereni sana.

---

TangaRaha, saa 3:09 asubuhi

Mimi ni wa Tanga. Na reli yetu ilianza kujengwa 1893, yenu 1896. Sisemi kitu tena.

---

ShekheGemu, saa 4:40 asubuhi

MakupaUsiku, usitoe hata shilingi. Pakua OpenTTD.

Historia yake fupi: Mskoti mmoja, Chris Sawyer, alitoa Transport Tycoon 1994, mwaka uliofuata akaitoa tena ikiwa imeboreshwa. Miaka kumi baadaye, 2004, watu wa kujitolea wakaanza kuiandika upya kama programu huria, na mpaka leo wanaiendeleza. Ni bure kabisa, bando haitalia, na mashine inayonguruma kama jenereta itaicheza bila neno. Ipo hata ya simu za Android, ila kwa vidole vyangu hivi nilivyozaliwa navyo, ukigusa reli unabomoa nyumba.

Sasa sikiliza, maana ukiianza vile ilivyo itakukimbiza. Ingia kwenye mipangilio kabla hujaanza. Kuharibika kwa magari, zima. Kampuni za washindani wanaoendeshwa na kompyuta, weka sufuri. Chagua hali ya hewa ya kitropiki, ndiyo yetu: mahindi, matunda, mpira wa miti, shaba, na jangwa. Miji ya jangwani humo haikui mpaka uipelekee maji na chakula, na hiyo peke yake itakupa kazi ya wiki mbili.

Mwaka mzima wa gemu unapita kwa dakika kama 12. Wengi huanza 1950. Ukinywa kahawa taratibu utajikuta 1953 na treni zako bado zinazunguka.

Jambo la mwisho. Mji ukikukasirikia kwa kubomoa nyumba na miti yake, baraza lake linakataa usijenge kitu. Dawa ni kupanda miti. Kuna na kitufe cha kutoa hongo, lakini humo ukishikwa umeshikwa kweli, jina linachafuka.

---

KahawaTungu, saa 5:15 asubuhi

Mimi naicheza hiyo tangu niko shule na sikubaliani na shekhe hata kidogo. Ukizima kuharibika, ukazima washindani, umebakisha nini? Umebaki na seti ya treni za mtoto. Reli bila treni kufa njiani si reli. Utamu wa kitu ni pale kinapokushinda mara tatu, ya nne ukakiweza.

---

ShekheGemu, saa 5:20 asubuhi

Jamaa ametoka kazini alfajiri, anatafuta usingizi. Wewe unampa fundi gereji.

---

MakupaUsiku, saa 5:48 asubuhi

Nimepakua, imeingia kabla maji ya chai hayajachemka. Nalala sasa, nitawaletea habari.

---

MakupaUsiku, Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 3:20 asubuhi

Wakuu, nimerudi, na nimefanya wazimu.

Kumbe OpenTTD inakubali ujitengenezee ramani kwa picha. Unampa picha ya rangi ya kijivu, palipo peusi ni bahari, kadiri panavyopauka ndivyo mlima unavyopanda. Nikaona mbona nisijenge yetu? Nikatafuta picha ya miinuko ya kuanzia Mombasa mpaka Nairobi, nikaikata mraba. Upande mmoja wa ramani una miraba 512, kwa hivyo mraba mmoja ni kama mita 700 za ardhi ya kweli.

Kipande kizima cha nchi kilikaa vizuri. Kasoro ni sisi. Kisiwa chetu, kilomita za mraba kama 14 na kelele zote hizo, kimetoka miraba isiyozidi thelathini. Thelathini! Nimeweka stesheni ya majukwaa matatu imekula kuanzia Makupa mpaka Mwembe Tayari. Fort Jesus imebaki kwa imani. Feri ya Likoni nimeiacha kabisa, hapo maji yenyewe ni mraba mmoja, ukikunja mguu umevuka.

Lakini ukishatoka Makupa, raha inaanza. Reli inapanda Changamwe, Miritini, halafu inakukabili Mazeras. Kwenye ramani ya kawaida ya simu huoni kwamba pale ni mlima. Humo ndani unaona treni yenye mzigo inaanza kuvuta pumzi, mwendo unaanguka, inajikokota kama bibi kizee na gunia la nazi. Nilikaa nikaifikiria Uganda Railway. Waliianza 1896 hapa kwetu, Nairobi wakafika 1899, Kisumu 1901. Wafanyakazi zaidi ya elfu 30 waliletwa kutoka India, na kiasi cha 2,500 walifia kazini. Mimi nimeitandaza mpaka Voi kwa asubuhi moja, nimekaa kwenye mkeka, mahamri mkononi.

Baada ya Mariakani nikapaka jangwa kwa mkono kwenye kihariri cha ramani, Taru mpaka Mackinnon Road. Halafu nikaweka chemchemi pale Mzima, na treni ya maji inateremka kuupelekea mji wa Mackinnon Road. Mji ulikuwa na nyumba nne. Kila treni ikimwaga maji na nyingine ikaleta chakula, nyumba inachipuka. Nilihesabu mpaka ya kumi na moja nikasinzia pale pale, kipanya kifuani.

---

BahariNyeupe, saa 3:41 asubuhi

Hiyo treni ya maji ikishamaliza Mackinnon Road iteremke Mikindani tafadhali. Mfereji wetu una wiki mbili unatoa upepo.

---

TangaRaha, saa 4:00 asubuhi

Umeweka simba Tsavo? 1898 walisimamisha ujenzi wa daraja pale.

---

MakupaUsiku, saa 4:02 asubuhi

Gemu haina simba. Na isiwe nao, mimi nataka kulala.

---

TangaRaha, saa 4:10 asubuhi

Basi ukifika Voi vuta tawi la Taveta lije Moshi. Waingereza waliitandaza hiyo njia wakati wa vita vya kwanza ikaungana na reli yetu pale Kahe. Mtakuwa mmefika kwa watu wenye reli ya zamani.

---

MakupaUsiku, Ijumaa, saa 2:55 asubuhi

Msaada wakuu. Sijalala siku mbili.

Treni zangu zimegandana. Zilipokuwa nne njia ilikuwa shwari. Nimefikisha tisa, na sasa kati ya Mazeras na Mariakani kuna mbili zimekutana uso kwa uso kwenye njia moja, hakuna anayerudi nyuma. Nyuma yao zimepanga foleni nyingine tano. Nimeweka njia za kupishania, nimeweka taa za ishara kila mahali mpaka reli imekuwa kama mti wa harusi. Nimeambatisha picha. Mji wa Mackinnon Road umekauka tena.

---

KahawaTungu, saa 3:00 asubuhi

Utulivu huo 😂😂

---

KongoweaBoy, saa 3:04 asubuhi

Umeleta foleni ya Changamwe mpaka kwenye laptopu. Huyu mtu kazi iko damuni.

---

ShekheGemu, saa 3:30 asubuhi

Bonyeza kusimamisha gemu kwanza, ulale. Zitakungoja. Jioni tutaiangalia hiyo picha, niko kazini.

---

BintiStesheni, saa 9:12 mchana

Asalaam aleikum. Mimi ni msomaji tu hapa, sijawahi kuandika, na gemu sichezi. Lakini babangu alifanya kazi ya reli, ile ya zamani, stesheni za huku chini, mpaka akastaafu. Nilikuwa nasoma uzi huu naye yuko barazani, nikamsomea ile ya treni kutazamana. Akaweka kikombe chini. Akasema, lete nione.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akavaa miwani. Akanyamaza, halafu akaanza kutaja: Changamwe, Miritini, Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Buchuma, Maungu, Voi. Kama anavuta tasbihi. Akasema, huyu kijana Maji ya Chumvi ameiruka.

Halafu akaniuliza, treni hii ndefu kiasi gani? Mimi sijui, nikahesabu vijiraba kwenye picha: saba. Na hii njia ya kando ya kupishania? Nikahesabu: mitano. Akacheka mpaka akakohoa. Naandika vile alivyosema:

"Mkia wamlalia nje. Kichwa kimeingia kando, mkia uko juu ya maungio. Huyo yuwaja apite wapi, juu? Njia ya kupishania yataka iwe ndefu kuliko treni ndefu kabisa uliyonayo, na nafasi ibakie."

La pili, ameona taa moja umeitia katikati ya njia moja, baina ya Mazeras na Mariakani. Anasema hiyo ndiyo mchawi wako. "Taa ni ruhusa ya kusimama. Pahali hutaki treni isimame, usitie taa. Amesimama pale, hawezi kwenda, hawezi kurudi, na mwenzake naye amesimama. Wamepewa ruhusa wote wawili waingie chumba kimoja cha mlango mmoja."

La tatu amesema kwa urefu, nami nafupisha. Zamani stesheni haikuachia treni mpaka imeuliza stesheni ya mbele: njia iko wazi? Ikijibiwa iko wazi, dereva ndipo anapewa idhini, na hakuna mwingine anayeingia kipande kile mpaka yeye atoke. Ameuliza kama gemu yenu ina mtu wa kuuliza. Nimeshindwa kumjibu.

---

ShekheGemu, saa 11:05 jioni

Bi BintiStesheni, mpe mzee shikamoo yangu. Nimekaa kwenye gemu hii miaka, na hakuna aliyewahi kunieleza taa kwa sentensi moja namna hiyo. Taa ni ruhusa ya kusimama.

Mwambie yuko, mtu wa kuuliza. Kwenye gemu kuna taa za aina nyingi. MakupaUsiku ametia zile za kawaida, ambazo zinatazama tu kama kipande cha mbele kina treni au hakina. Kuna nyingine zinazoshika njia: treni ikifika kwenye taa inajiwekea njia yote kuanzia hapo mpaka mahali salama pa kusimama, yaani taa inayofuata upande wake. Ikipata inaondoka, na mwingine hawezi kukanyaga njia ile. Ikikosa inangoja. Ndiyo idhini anayoisema mzee.

MakupaUsiku, fanya hivi. Ng'oa taa zote kwenye njia moja. Zote, usizionee huruma. Bakisha za kwenye njia za kupishania tu, moja kila reli, mwisho pale treni inapotokea, za upande mmoja. Reli ya kushoto ya wanaopanda, ya kulia ya wanaoteremka. Na refusha hizo njia.

---

KahawaTungu, saa 11:20 jioni

Hapa mzee kanimaliza. Mimi nilikuwa natatua kwa kujenga njia mbili ramani nzima.

---

TangaRaha, saa 11:31 jioni

Na SGR yenu, ile reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ya 2017, kilomita 470 na ushee, nayo ni njia moja yenye vipishanio. Treni ya abiria na za mizigo zinapeana zamu mule mule. Kwa hiyo somo la mzee si la zamani.

---

MakupaUsiku, Jumamosi, saa 3:48 asubuhi

Imekubali.

Wacha niwaeleze taratibu maana nataka kuikumbuka. Nimefika nyumbani, sijala, nimefungua. Treni bado zimetazamana vile nilivyoziacha. Nikaituma moja igeuke irudi Mazeras. Nikang'oa taa, nilihesabu thelathini na nne. Njia za kupishania nikazivuta mpaka miraba minane. Maji ya Chumvi nimeiweka, mwambieni mzee, na nimeipa jukwaa. Nikaweka taa mbili mbili kama shekhe alivyosema. Nikaondoa kusimamisha.

Treni ya maji, ambayo sasa inashuka mpaka Mombasa, ndiyo iliyokuwa inateremka. Ikaingia reli ya kando pale Mariakani, yote, mkia ndani, mraba mmoja ukabaki mtupu nyuma yake. Ikasimama. Taa nyekundu. Nikangoja. Nikaona ile ya abiria inapanda kutoka Mazeras, pole pole, mlima umeshaimaliza nguvu, ikaingia reli ya pili, ikapita ubavuni mwa ile ya maji, behewa kwa behewa. Behewa la mwisho lilipovuka maungio ile taa ikageuka kijani, na treni ya maji ikaondoka. Hakuna aliyeigusa. Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye chapati.

Nilikaa nikawatazama wakipishana mara sita.

Kuhusu maneno ya KahawaTungu, nimeyafikiria sana. Ni kweli siku mbili hii foleni ilininyima usingizi, siwezi kukataa. Lakini foleni ya kazini inanipigia honi. Trela ikikwama pale yadi, kuna watu wanne wananifokea na wa tano yuko kwenye simu. Hii ilikuwa imesimama inaningoja. Ningeiacha mwezi ningeikuta vile vile. Kuharibika kwa magari sitakuwasha, lakini kugandana nakubali kubaki nako.

---

KahawaTungu, saa 4:02 asubuhi

Sawa, yakhe. Tumekutana katikati, kwenye njia ya kupishania.

---

BintiStesheni, saa 10:30 jioni

Nimemsomea mzee. Alipofika pale "mkia ndani" akasema "ahaa," halafu akaniambia nirudie.

Ameuliza mambo mawili. Kwanza, treni zako zinavutwa na nini? Anasema kama huna Garratt hujapanda Mazeras. Amenieleza nusu saa: zile kubwa za aina ya 59, boila moja katikati, magurudumu mbele na magurudumu nyuma, zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester kuanzia 1955, zikawa 34, kila moja imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, tani 252. Anasema zikipita chini unazisikia kifuani kabla ya masikioni. Moja iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai, na anataka nimpeleke akaiamkie.

La pili, pale Mackinnon Road umeweka msikiti? Ule wa kaburi la Sayyid Baghali, kando ya reli. Huyo alikuja kujenga reli, na watu husimulia kwamba karai lake la kubebea udongo lilikuwa linaelea juu ya kichwa bila kukigusa. Wasafiri wa barabara hii wengi husimama pale wakaswali. Mzee anasema mji wa Mackinnon Road bila msikiti ule ni jina tu.

---

MakupaUsiku, saa 11:02 jioni

Shikamoo yake mzee. Vichwa nilivyonavyo ni vya mvuke vya kawaida, vya gemu yenyewe. Nitatafuta kama kuna aliyewahi kuichora Garratt.

Msikiti gemu haina. Nimepaacha wazi mraba mmoja kando ya reli, nimezungushia miti, nimeandika kibao: Sayyid Baghali. Mji unataka kujenga nyumba pale, nauzuia.

Na kwa walioniomba faili la ramani kwenye meseji, nimeliambatisha chini. Kuanzia Mombasa mpaka Voi ni zima. Baada ya Voi kuna reli inayokwenda porini inaishia tu, usiifuate.

---

BahariNyeupe, saa 11:40 jioni

Nimefungua. Nimeona treni ya maji inapita Mikindani bila kusimama. Ahsante sana.

---

KongoweaBoy, saa 1:15 usiku

Na mimi nimefungua. Kongowea iko wapi?

---

MakupaUsiku, saa 1:18 usiku

Samahani kaka. Ni ule mraba wa kulia, wenye mnazi.

---

KongoweaBoy, saa 1:20 usiku

Soko zima mnazi mmoja. Nimejaribu kuweka stesheni, baraza la mji limekataa, linasema kuna mtu amekata miti yao.

---

ShekheGemu, saa 1:24 usiku

Panda mingine. Kile kitufe cha hongo usikiguse.

---

BintiStesheni, saa 2:05 usiku

Samahani kuwaingilia. Mzee amenikatalia nisizime laptopu ya mdogo wangu. Kuna treni ameiona imeondoka Samburu, anasema hawezi kulala mpaka ajue imefika Taru.